Maabara na Mtihani: Historia ya Somo la Kemia na Wajibu wa Msomi

Utangulizi

Katika masomo yote yanayofundishwa vyuoni, ni machache yanayoogopwa kama kemia. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayeikabili mitihani ya somo hilo hujiona amesimama mbele ya lango jembamba. Akipita, ni mwalimu, mfamasia au mkemia wa kiwanda. Akikwama, hurudi nyumbani mikono mitupu, na wazazi wake waliouza mazao na mifugo ili asome hubaki na deni na fedheha. Vijana wa vyuoni wamelibuni neno lao wenyewe kwa msiba huo, wanauita "kudisko".

Jambo linaloweza kuvunja maisha ya kijana na kupoteza jasho la wazazi wake si la kuachiwa walimu na wanafunzi peke yao. Lakini ili tulijadili kwa faida, hatuna budi kuanza na historia yake. Wako wanaodhani kwamba mtihani wa mwisho ni sehemu ya maumbile ya elimu, kama vile mvua ilivyo sehemu ya masika. Wako na wengine wanaodhani kwamba mtihani ni hila tupu ya wakoloni, na kwamba ukiondolewa elimu itakuwa safi. Fikra zote mbili si sahihi. Mtihani ni chombo. Kila chombo kina historia yake, kilitengenezwa na watu fulani kwa kazi fulani, na kinaweza kutumika vizuri au vibaya. Katika makala haya tutaonyesha kwamba kemia ya vyuo vyetu imerithi vitu viwili vilivyozaliwa mahali tofauti, yaani maabara na mtihani. Kwamba ukoloni ulituletea cha pili kabla ya cha kwanza. Na kwamba matatizo mengi ya mwanafunzi wa leo yanatokana na kutangulia huko.

1. Chimbuko la Maabara ya Mwanafunzi

Kwa muda mrefu kemia ilifundishwa Ulaya kwa mihadhara. Profesa alisimama mbele, akafanya jaribio kwa mikono yake au kwa mikono ya msaidizi wake, na wanafunzi wakatazama. Aliyetaka kujifunza kazi yenyewe ilimbidi apate nafasi katika maabara binafsi ya bingwa fulani, na nafasi hizo zilikuwa za wachache wenye bahati.

Mabadiliko makubwa yalitokea katika mji mdogo wa Giessen, Ujerumani. Mwaka 1824 kijana wa miaka 21, Justus Liebig, aliteuliwa kuwa mwalimu wa chuo kikuu cha mji huo. Alipewa jengo lililokuwa la walinzi wa kambi ya askari, akaligeuza kuwa maabara ya kufundishia. Mwanafunzi wa Liebig hakuketi kutazama. Alipewa vitu asivyovijua, akaambiwa avichambue mwenyewe mpaka ajue vimeundwa na nini. Akishamudu uchambuzi, alipewa swali ambalo hata mwalimu hakuwa na jibu lake. Mwaka 1831 Liebig alibuni chombo chepesi cha kioo chenye matufe matano, cha kunasa na kupima hewa ya kaboni itokayo katika kitu kinachochomwa. Kipimo ambacho hapo awali kilimshughulisha bingwa kwa siku nyingi, sasa kiliweza kufanywa na mwanafunzi. Funzo hili tusilipite haraka: chombo kilipokuwa rahisi, elimu ya wachache ikawa elimu ya wengi.

Vijana walimiminika Giessen kutoka Ulaya na Marekani. Mmoja wa waliofunzwa huko, August Wilhelm Hofmann, aliitwa London kuongoza Chuo cha Kifalme cha Kemia kilichofunguliwa mwaka 1845. Huko alifundisha kijana aitwaye William Perkin. Mwaka 1856 Perkin, akiwa na umri wa miaka 18, alijaribu kutengeneza kwinini katika chumba cha majaribio nyumbani kwao. Kwinini hakuipata. Alipata masizi meusi ambayo yalipoyeyushwa yalitoa rangi ya zambarau, na kutokana na masizi hayo kilizaliwa kiwanda cha rangi za kutengenezwa.

Kwa nini kijana wa London alihangaika na kwinini? Kwa sababu dola ya Uingereza ilikuwa ikitawala nchi za malaria, na dawa hiyo ilitoka katika magome ya mti wa mbali. Tangu siku zake za ujana, basi, kemia ya kisasa ilikuwa imefungamana na mahitaji ya utawala na ya viwanda. Wajerumani ndio waliovuna zaidi. Mwaka 1897 kampuni ya BASF ilianza kuuza nili iliyotengenezwa kiwandani, na katika muda usiozidi miaka 20 kilimo cha nili cha India kikawa kimeporomoka. Mkulima wa Bihar hakuwahi kuiona maabara, lakini maabara ilimwona.

2. Chimbuko la Mtihani wa Mwisho

Mtihani wa kuandika una ukoo mwingine. Uingereza ilikuwa na vyuo vikuu vya kale ambamo mwanafunzi alihojiwa kwa mdomo. Pole pole, tangu karne ya 18, Cambridge iliingiza mtihani wa karatasi, kwanza katika hisabati. Hatua tunayopaswa kuiangalia kwa makini ni ya London. Mwaka 1836 kilianzishwa Chuo Kikuu cha London, na kazi yake haikuwa kufundisha. Kilikuwa chombo cha kutahini wanafunzi waliofundishwa na wengine na kuwapa shahada. Mwaka 1858 kilikwenda mbele zaidi, kikafungua mitihani yake karibu yote kwa mtu yeyote, awe amesoma chuoni au amesoma chumbani kwake peke yake. Mwaka huo huo wa 1858 Cambridge ilianza mitihani ya shule, na mwaka 1863 mitihani hiyo ikavuka bahari hadi Trinidad.

Hatua hiyo ilikuwa na sura mbili. Upande mmoja ilikuwa ya kimaendeleo, kwa sababu mtoto wa fundi angeweza kupata shahada bila kuwa na jina kubwa wala mfadhili. Upande wa pili, kwa mara ya kwanza mtihani ulitenganishwa kabisa na mafundisho. Karatasi ya maswali inaweza kutiwa katika bahasha na kupakiwa melini, maabara haipakiwi. Mtihani uliotenganishwa na maabara ni bidhaa inayosafirishwa kwa urahisi, na ndiyo iliyosafirishwa kwenda makoloni.

Tusiache, hata hivyo, kutaja mfano unaoonyesha kwamba ufundishaji wenyewe unaweza kuzaa elimu mpya. Mwaka 1867 Dmitri Mendeleev alikuwa profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha St Petersburg, Urusi, na alihitaji kitabu cha kuwafundishia wanafunzi wake. Wakati huo elementi 63 zilikuwa zimejulikana, na kuzieleza moja baada ya nyingine ingekuwa orodha isiyo na mwisho. Alitafuta mpangilio, na mwaka 1869 akatoa jedwali lake. Aliacha nafasi tupu katika jedwali hilo na kutabiri sifa za elementi ambazo hakuna aliyekuwa ameziona. Gali iligunduliwa mwaka 1875, skandi mwaka 1879 na germani mwaka 1886, nazo zikaingia katika nafasi zao. Mwanafunzi anayekariri jedwali hilo kama sala anautupa utajiri uliomo ndani yake. Jedwali lilibuniwa ili watu wasilazimike kukariri.

3. Ukoloni: Magome Yetu, Maabara Yao

Nchini mwetu maabara ya kemia ilitangulia kufika kabla ya mwanafunzi wa kemia. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara. Ilikuwa na wataalamu, mashamba ya majaribio na vyumba vya kemia. Miongoni mwa miti iliyopandwa ilikuwa ile ya kwinini. Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka na meli za adui zikafunga bahari, Amani ilitengeneza kwinini kutokana na magome hayo kwa ajili ya jeshi la Wajerumani.

Waafrika waliilima ardhi ya Amani, wakapanda miti, wakachuma magome na kubeba mizigo. Elimu ya kugeuza gome kuwa dawa haikukabidhiwa kwao. Hii ndiyo maana halisi ya kusema kwamba mkoloni alileta sayansi: aliileta pamoja na ufunguo wake, na ufunguo akauweka mfukoni.

Chini ya Waingereza shule chache za sekondari zilijengwa, na mtihani wa Cambridge ukawa ndio kikomo cha safari. Karatasi za majibu za watoto wa Tabora zilisafirishwa hadi Uingereza kusahihishwa. Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, iliingia mwaka 1949 katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na shahada zake zikawa za London. Kwa haki tuseme kwamba uhusiano huo ulilinda kiwango: daktari au mwalimu wa Makerere hakuweza kudharauliwa na mtu. Lakini mtaala, lugha na mifano vilitazama kwa mtahini wa mbali. Mwanafunzi alijifunza namna ya kumridhisha mtu asiyemjua, kuhusu viwanda asivyoviona, kwa lugha ambayo mama yake haisemi. Katika hali hiyo kukariri hakukuwa uvivu. Kulikuwa njia ya kujiokoa. Na njia ya kujiokoa ikirudiwa vizazi viwili hugeuka kuwa mila.

4. Mtihani Warudi Nyumbani

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Shahada bado zilikuwa za London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1965 Kitivo cha Sayansi kikaanzishwa. Julai 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikasimama peke yake. Kwa shule za sekondari, Tanzania ilijitoa mwaka 1971 katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Hivyo, katika muda wa miaka 12 tu, ufunguo wa mtihani ulihama kutoka London na Cambridge ukaja mikononi mwetu.

Lakini kumiliki mtihani si sawa na kuubadilisha. Katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, Mwalimu Nyerere aliukosoa mtihani kwa kupima uwezo wa kukumbuka na kuacha kupima fikra, tabia na moyo wa kutumikia. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilichukua hatua. Liliagiza kwamba kazi ya mwanafunzi ya kila siku ihesabiwe, na kwamba vijana wafanye kazi kabla ya kuingia chuo kikuu. Tangu mwaka 1976 alama za maendeleo ya darasani zilianza kuingizwa katika matokeo ya sekondari. Sharti la kufanya kazi kwanza lilikuja kulegezwa kwa hatua, lakini msingi wa kuhesabu kazi ya mwaka mzima ulibaki, na hata leo vyuoni kwa kawaida kazi za muhula huchangia sehemu kubwa ya alama za mwisho.

Msingi huo ulikuwa sahihi, na kwa kemia ulikuwa sahihi mara mbili. Mtu hawezi kuonyesha kwa saa tatu za karatasi kwamba mkono wake unajua kufungua bureti tone kwa tone na kusimama pale rangi inapogeuka. Hata hivyo msingi sahihi ulikumbana na hali halisi. Mwalimu asiye na maabara atahesabu kazi gani ya maabara? Shule ziliongezeka upesi kuliko vyombo. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Tume ikaundwa na matokeo yakapangwa upya. Mwaka huo huo wa 2012 Rais Jakaya Kikwete alikuwa ameagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za kemia, fizikia na baiolojia, na wananchi wakachangishwa kuzijenga. Yaani, karibu miaka 190 baada ya Giessen, taifa lilikuwa bado linapigania jambo lile lile: mkono wa mwanafunzi ukishike chombo.

Suala la lugha nalo lilijitokeza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari na hatimaye vyuoni. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno tunayo. Mwanafunzi anayeweza kumweleza mwenzake kwa Kiswahili kwa nini mmenyuko fulani unatoa joto amekwisha kuuelewa. Kuuandika kwa Kiingereza siku ya mtihani ni kazi ndogo iliyobaki.

5. Funzo la Tanga

Wako watakaouliza: je, haya yanahusiana nini na mkulima na mfanyakazi? Natuitazame Tanga.

Mwaka 1893 mkonge uliletwa Tanga, na inasimuliwa kwamba ni miche 62 tu iliyofika hai. Kutokana na miche hiyo lilikua zao kuu la nchi. Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia kiasi cha tani 230,000. Lakini mwaka 1954, katika maabara ya Italia, wanakemia walikuwa wametengeneza polipropilini, na muda si mrefu kamba za plastiki zikaingia sokoni. Bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yakageuka vichaka, na vibarua wakatawanyika. Yaliyompata mkulima wa nili wa Bihar yalimpata mkata mkonge wa Tanga. Taifa lisilo na wanakemia wake hupokea habari za kemia kwa njia ya bei ya mazao yake.

Mwaka 1972 kiwanda cha mbolea kilianza kazi hapo hapo Tanga. Lilikuwa jambo la fahari, lakini malighafi zake, amonia na fosfati na salfa, zilitoka ng'ambo. Mashine zilikuwa kwetu, kemia ikabaki kwa wengine. Kiwanda kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati huo fosfati ilikuwa ikichimbwa Minjingu tangu mwaka 1983, na gesi asilia ilikuwa imegunduliwa Songosongo mwaka 1974. Mpango wa kutengeneza amonia Kilwa kutokana na gesi hiyo ulijadiliwa sana katika miaka ya 1980, na haukujengwa.

Sasa tuangalie swali moja ambalo kila mwanafunzi wa kemia hulikuta: eleza masharti ya kutengeneza amonia kutokana na naitrojeni na haidrojeni. Aliyekariri ataandika: kanieneo ya angahewa kama 200, joto kati ya digrii 400 na 500, kichocheo cha chuma. Atapata alama zake. Aliyeelewa ataongeza sababu. Ujazo nne wa gesi huwa mbili, kwa hiyo kanieneo kubwa husukuma mmenyuko mbele. Mmenyuko hutoa joto, kwa hiyo joto dogo lingetoa amonia nyingi zaidi, ila kazi ingekwenda polepole mno. Ndiyo maana joto la kati huchaguliwa, na kichocheo huletwa kuharakisha. Mwanafunzi wa kwanza hawezi kuendesha kiwanda siku mtambo unapobadilika tabia. Wa pili anaweza. Tofauti kati yao ndiyo tofauti kati ya cheti na uwezo.

6. Wajibu Wetu

Historia hii inatupa majukumu, na tunayagawa katika sehemu tatu.

Kwanza, mwanafunzi. Asiukimbie mtihani wala asiuabudu. Aanze na vitu vichache vinavyozaa vingine: jedwali la elementi, hesabu ya moli, mizani ya mmenyuko na nishati. Akivishika hivyo, mengi hayahitaji kukaririwa. Aandike daftari la maabara siku ile ile ya jaribio, pamoja na makosa yaliyotokea, kwa maana kipimo kilichokataa kulingana na vingine humfundisha zaidi ya vilivyolingana. Asome katika kikundi ambacho kila mmoja hueleza kwa zamu ubaoni. Asiyeweza kueleza bado hajajua. Karatasi za mitihani ya nyuma azitumie kupima uelewa wake kwa saa, wala asizitumie kubahatisha maswali yajayo. Na haya ayaanze wiki ya kwanza ya muhula, maana haba na haba hujaza kibaba. Kibaba hakijazwi kwa usiku mmoja wa kukesha.

Pili, mwalimu. Swali linaloweza kujibiwa kwa kukariri litajibiwa kwa kukariri, na lawama si ya mwanafunzi peke yake. Mtunzi wa mtihani ndiye mtunzi wa mtaala wa kweli, kwa sababu vijana husoma kile kitakachoulizwa. Maswali yake na yaulize kuhusu magadi ya Ziwa Natron, fosfati ya Minjingu na gesi ya Songosongo, na sababu zidaiwe katika kila jibu.

Tatu, kada. Kazi yake haikwishi siku jengo la maabara linapoezekwa. Aulize: je, maji yanafika? Kemikali zipo? Kuna fundi wa maabara? Mwanafunzi ameshika bureti mara ngapi mwaka huu? Jengo lenye kufuli na meza zenye vumbi ni Amani nyingine, maabara iliyopo mahali pasipo na mwanafunzi.

Hitimisho

Tumeona kwamba maabara ya mwanafunzi na mtihani wa mwisho vilizaliwa mbalimbali, na kwamba tulipokea mtihani kabla hatujapokea maabara. Ufunguo wa mtihani tumekwisha kuuchukua. Ufunguo wa maabara tunao nusu. Kijana anayeingia katika chumba cha mtihani wa kemia akiwa ametenda, amekosea, amepima tena na kuelewa, hana la kuhofu, na akishinda, ushindi wake ni wa wengi: ni wa wazazi waliouza mbuzi wao, na wa mkulima anayesubiri mbolea kwa bei anayoimudu. Na kijana anayeanguka kwa sababu hakupata kushika chombo hata mara moja hajashindwa peke yake. Tumeshindwa pamoja naye, na ni juu yetu kulirekebisha hilo kabla ya muhula ujao.